Uamuzi Usiokatiwa Rufaa

Katika mchezo wa kawaida wa besiboli kila timu hutakiwa kuwatoa wapinzani 27: watatu katika kila duru, kwa duru tisa. Mrushaji akiwatoa wote 27 kwa mfuatano, pasipo hata mmoja kufika kituo cha kwanza kwa njia yoyote ile, hapo husemwa ametupa mchezo kamili. Hadi mwisho wa Mei 2010, katika miaka 130 ya ligi kuu za Marekani, jambo hilo lilikuwa limetokea mara 20 tu. Usiku wa Juni 2 mwaka huo, katika uwanja wa Comerica Park jijini Detroit, Mvenezuela aitwaye Armando Galarraga alikuwa amekwisha kuwatoa wapigaji 26 wa Cleveland. Wa 27, Jason Donald, aliugonga mpira ukabiringika upande wa kulia wa uwanja. Miguel Cabrera akauokota, akamtupia Galarraga aliyekuwa amekimbilia kituo cha kwanza. Mpira ukaingia kwenye glavu, mguu wa Galarraga ukakanyaga kituo, na Donald alikuwa bado hajafika. Mwamuzi Jim Joyce akatandaza mikono yake pembeni: salama. Galarraga akatabasamu, akarudi mahali pake, akamtoa mpigaji wa 28, na Detroit ikashinda 3 kwa 0. Sekunde chache baada ya mkono wa Joyce kutandazwa, kila mtu aliyekuwa mbele ya televisheni Marekani nzima alikuwa amekwisha kuona kwamba Donald alikuwa nje. Aliyekuwa hajaona ni mtu mmoja, naye ndiye pekee ambaye neno lake lilihesabika.

Kisa hiki husimuliwa kama kisa cha msamaha, na kweli msamaha ulikuwepo. Joyce aliitazama picha baada ya mchezo, akakiri mbele ya waandishi kwamba yeye ndiye aliyemnyima kijana yule mchezo wake kamili, akamwomba radhi ana kwa ana. Kesho yake alipangiwa kusimama nyuma ya kituo cha nyumbani, na aliyetumwa kumkabidhi orodha ya wachezaji wa Detroit alikuwa Galarraga mwenyewe. Mwamuzi akafuta machozi hadharani. Lakini uzuri wa tabia za watu wawili umeificha hoja iliyo muhimu zaidi. Kamera za kusahihisha kosa lile zilikuwepo uwanjani. Ruhusa ya kuzitumia nayo ilikuwepo, kwa sababu tangu Agosti 28, 2008 waamuzi wa ligi kuu walikuwa wakirejea marudio ya video kuamua kama mpira uliopigwa umevuka ukuta na kuwa homurani au la. Sheria iliyoruhusu jicho la pili kwenye ukuta ililikataza kwenye kituo cha kwanza. Basi usiku ule yalifanyika makosa mawili ya aina tofauti. Moja lilikuwa la jicho la binadamu, ambalo mtu yeyote angeweza kulifanya. La pili lilikuwa la kitabu cha sheria, nalo lilikuwa la kukusudiwa: uamuzi juu ya jambo lililoonekana haukatiwi rufaa. Ninadai katika sura hii kwamba marudio ya video yana thamani kwa sababu moja kubwa, nayo ni kwamba yanafungua mlango wa rufaa, na kwamba anayefaidika zaidi na mlango huo ni mwamuzi mwenyewe. Pale yanapoacha kuwa rufaa yakawa kitu kingine, thamani hiyo hupungua, nami nitaonyesha ni wapi.

Si kwamba besiboli haikujua rufaa. Julai 24, 1983, katika uwanja wa Yankee Stadium, New York, George Brett wa Kansas City alipiga homurani katika duru ya tisa iliyoigeuza timu yake kutoka 4 kwa 3 nyuma kuwa 5 kwa 4 mbele. Billy Martin, kocha wa Yankees, akatoka kulalamika kwamba gongo la Brett limepakwa utomvu wa msonobari kupita kiasi kinachoruhusiwa, ambacho ni inchi 18 kutoka kwenye mpini. Mwamuzi Tim McClelland akalilaza gongo juu ya kituo cha nyumbani, ambacho upana wake ni inchi 17, akaona utomvu umepita, akamtoa Brett; mchezo ukaisha, Yankees wakashinda. Kansas City wakapeleka malalamiko kwa rais wa ligi yao, Lee MacPhail. Yeye akaamua kwamba waamuzi wameitafsiri vibaya sheria: adhabu ya gongo lile ilikuwa kuliondoa mchezoni, haikuwa kulifuta pigo lililokwisha kupigwa. Homurani ikarudishwa, na Agosti 18 timu zikaitwa kumalizia sehemu iliyobaki. Kwa hiyo mwamuzi aliyeelewa vibaya maandishi ya sheria aliweza kurekebishwa baada ya siku kadhaa, lakini mwamuzi aliyeona vibaya mguu na kituo hakuweza kurekebishwa hata baada ya sekunde tatu. Wanasheria watautambua mpaka huu. Mahakama za rufaa nazo husita kugusa yale ambayo hakimu wa kwanza ameyathibitisha kwa kumsikia shahidi na kumtazama usoni, zikajikita zaidi kwenye hoja za kisheria. Sababu yao ni nzuri: hakimu wa kwanza alikuwepo, wao hawakuwepo.

Sababu hiyo ndiyo iliyoishikilia sheria ya besiboli kwa zaidi ya karne moja, na kwa muda mrefu ilikuwa na haki ya kuishikilia. Mwamuzi wa kituo cha kwanza hufundishwa kukodoa macho kwenye kituo na kuusikiliza mpira: jicho linangoja mguu, sikio linangoja mlio wa ngozi ya glavu. Ni ufundi mkubwa, maana hakuna jicho linaloweza kutazama mahali pawili kwa wakati mmoja. Hata huo una dosari ndani yake, kwani sauti inayosafiri mita tano huchelewa kiasi cha sehemu moja na nusu ya mia ya sekunde, na hapo bado hujaweka kelele za maelfu ya watu. Hata hivyo, kabla ya televisheni, mtu aliyesimama karibu namna ile akiwa amefunzwa namna ile alikuwa ndiye shahidi bora aliyepatikana. Kumfanya wa mwisho kulikuwa ni kukubali kwamba hapakuwa na wa kumzidi. Kilichobadilika ni ushahidi. Kamera ya pembeni, ya juu na ya nyuma, picha ikisimamishwa na kurudishwa, ilimpa mtazamaji aliyeketi nyumbani kwake uwezo ambao aliyekuwa uwanjani hakuwa nao. Tangu siku hiyo, kushikilia kwamba neno la mwamuzi ni la mwisho kwa kuwa yeye alikuwepo kukageuka maana. Mamilioni wakawa wanaona vizuri kuliko hakimu, na hakimu peke yake ndiye aliyekatazwa kutazama.

Aliyelipia hali hiyo kwa uchungu kuliko wote pengine ni Don Denkinger. Oktoba 26, 1985, katika mchezo wa sita wa fainali, St. Louis walikuwa wakiongoza 1 kwa 0 duru ya tisa ikianza kwa Kansas City, na wangetwaa ubingwa usiku ule. Mpigaji wa kwanza, Jorge Orta, aliubiringisha mpira kwa Jack Clark, aliyemtupia mrushaji Todd Worrell kituoni. Orta alikuwa nje. Picha zilionyesha wazi. Denkinger akamwita salama. Kansas City wakafunga mbili, wakashinda 2 kwa 1, na usiku uliofuata wakashinda 11 kwa 0 na kuondoka na ubingwa. Ni kweli kwamba St. Louis walifanya makosa yao baada ya pale, na mtu aliyefungwa 11 kwa 0 hawezi kumtupia mwamuzi mzigo wote. Lakini tazama yaliyompata Denkinger. Alikuwa mwamuzi wa heshima, mkuu wa kikosi cha waamuzi wa fainali ile, na bado alipokea vitisho vya kuuawa, na kwa miaka mingi jina lake halikutajwa pasipo picha ya Orta akikanyaga kituo. Kosa la nusu sekunde likawa ndilo wasifu wake. Angekuwa na mlango wa rufaa, angebadilishiwa uamuzi ndani ya dakika mbili, Orta angerudi kuketi na wenzake, na leo hakuna mtu nje ya familia yake na wenzake wa kazi angelikumbuka jambo lile.

Wapo wanaosema makosa ni sehemu ya mchezo, na hoja yao haistahili kudharauliwa. Katika Kiswahili tunasema asiyekubali kushindwa si mshindani, na mashabiki wengi wa besiboli wana imani ya namna hiyo hiyo: mwamuzi ni kama upepo au mvua, leo anakudhulumu na kesho anakupa, na mwisho wa msimu mizani hukaa sawa. Besiboli ina mechi 162 kwa kila timu kwa msimu. Ukichukulia kwamba makosa hutokea kwa bahati nasibu, kuna uwezekano mzuri wa kwamba yatalingana. Lakini hoja hii inategemea wingi, na mambo ambayo watu hulilia haki ni yale yasiyo na wingi. Galarraga hakuwa na michezo kamili mingine 161 ya kusubiri mizani ikae sawa. Duru ya tisa ya mchezo wa sita wa fainali haiji tena. Tena kuna tofauti kati ya upepo na mwamuzi ambayo hoja hii inaipita: upepo hauna wajibu kwa mtu yeyote. Mwamuzi amewekwa pale kusema kilichotokea. Mchezaji anayekubali kushindwa anakubali kushindwa na mwenzake, na hakuna methali inayomtaka akubali kwamba alichokifanya hakikufanyika.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nayo ni ya heshima ya waamuzi. Ukimruhusu kila kocha kupinga, wanasema, mwamuzi atageuka karani wa kupokea majibu kutoka mjini, na mamlaka yake uwanjani yatakwisha. Kuipima hoja hii tuangalie mamlaka hayo yalikuwaje wakati rufaa haikuwepo. Kocha aliyeona dhuluma alikuwa na silaha moja: kutoka mbio, kupiga kelele pua kwa pua na mwamuzi, kumrushia vumbi viatuni, mpaka afukuzwe uwanjani. Bobby Cox wa Atlanta, aliyestaafu mwaka ule ule wa 2010, alifukuzwa zaidi ya mara 150, rekodi ambayo hakuna aliyeifikia. Watazamaji walizoea kuliona hilo kama burudani. Mimi ninaliona kama mahakama isiyo na rejista: mlalamikaji hana pa kuandikisha lalamiko lake, kwa hiyo anapiga kelele mlangoni. Mwaka 2014 ligi ilimpa kocha haki ya kupinga uamuzi rasmi, na tangu msimu wa kwanza karibu nusu ya maamuzi yaliyopingwa yaligeuzwa. Namba hiyo inafundisha pande zote mbili. Makocha waliokuwa wakifoka miaka yote walikuwa na haki mara nyingi kuliko walivyokubaliwa. Na nusu nyingine, yale ambayo mwamuzi alisimama na uamuzi wake, sasa yana muhuri ambao kelele zisingeweza kuyapatia. Kocha anayetazama picha na kuona mwamuzi wake alikuwa sahihi anarudi kuketi akiwa kimya. Heshima ya namna hiyo haikuwahi kupatikana kwa kufukuza watu.

Wapenzi wa soka wanaijua sura hii kwa njia yao. Mwezi ule ule wa Juni 2010, tarehe 27, huko Bloemfontein katika Kombe la Dunia la Afrika Kusini, mpira wa Frank Lampard wa Uingereza uligonga mwamba, ukadunda ndani ya goli la Ujerumani, ukatoka, na mchezo ukaendelea kana kwamba haukuingia. Miaka miwili baadaye soka ikaidhinisha mitambo ya mstari wa goli, na baadaye VAR. Lakini soka na besiboli zilichagua njia tofauti, na tofauti yenyewe inaeleweka vizuri ukikumbuka neno rufaa. Katika VAR, chumba cha kamera ndicho kinachochungulia kila tukio kubwa na kupendekeza lipi lirudiwe. Katika besiboli, kwa sehemu kubwa, hakuna kinachorudiwa mpaka aliyedhulumiwa aseme amedhulumiwa, naye akisema kwa uongo hupoteza nafasi yake ya kusema tena. Naona njia ya pili ni bora. Inambebesha mlalamikaji gharama ya lalamiko lake, na inamwacha mwamuzi aendeshe mchezo pasipo kuhisi jicho mgongoni kila anapoinua mkono. Hata mashindano ya watoto huko Williamsport, Pennsylvania, yale ambayo mwaka 2012 vijana wa Lugazi kutoka Uganda walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kuyacheza, yaliwapa makocha haki ya kupinga kabla ligi kuu yenyewe haijafanya hivyo.

Rufaa, hata hivyo, haikamiliki kwa kuweka kamera tu. Inahitaji mtu mwingine wa kuitazama. Besiboli ilijifunza hilo kwa aibu. Kati ya 2008 na 2013, homurani iliyotiliwa shaka ilitazamwa na waamuzi wale wale walioiamua, wakiingia ndani kwenye runinga ndogo ya uwanjani. Mei 8, 2013, jijini Cleveland, Adam Rosales wa Oakland alipiga mpira katika duru ya tisa uliogonga juu ya mstari wa ukuta na kurudi. Ungekuwa homurani ya kusawazisha. Waamuzi wakauita pigo la vituo viwili. Wakaingia ndani, wakatazama picha ambayo kila mtazamaji aliielewa, wakatoka na uamuzi ule ule. Oakland wakafungwa 4 kwa 3, na kesho yake ligi ikakiri hadharani kwamba uamuzi ulikuwa mbovu. Kesi ya nyani haipelekwi kwa ngedere, na sijui tukio jingine la michezo linaloithibitisha methali hiyo kwa uwazi kama hili: picha ilikuwepo, kosa lilikuwepo, ila aliyehukumu ndiye aliyeombwa ajihukumu. Mfumo wa 2014 ulilitibu jambo hilo kwa kuuhamisha uamuzi kabisa. Picha zote zikapelekwa kwenye chumba kimoja New York, ambako waamuzi wengine, wasiokuwa na nafsi zao ndani ya kosa, huzitazama na kutoa jibu kwa simu. Na wakawekewa kipimo ambacho kila mwanasheria angekitaka: uamuzi wa uwanjani hubaki mpaka ushahidi wa kuugeuza uwe wazi na wa kuridhisha. Picha ikiwa ya utata, mwamuzi wa kwanza anabaki na neno lake, kwa sababu ile ile ya zamani kwamba yeye alikuwepo.

Hapa nafika mahali ambapo hoja yangu inanikata mimi mwenyewe. Oktoba 12, 2017, Washington na Chicago Cubs walikuwa kwenye mchezo wa tano wa mchujo, mshindi akisonga mbele. Duru ya nane, Chicago wakiongoza 9 kwa 8, José Lobatón wa Washington alikuwa kituo cha kwanza. Mdakaji Willson Contreras akamshtukiza kwa kuutupa mpira kwa Anthony Rizzo. Lobatón akarudi kwa wakati, mguu ukafika kabla ya mpira, mwamuzi akamwita salama, na alikuwa salama kwa kila jicho lililokuwepo uwanjani. Chicago wakapinga. Picha iliyosimamishwa ikaonyesha kwamba baada ya kufika, kwa kitambo kisichozidi kupepesa jicho, mguu wake uliinuka kidogo juu ya kituo huku glavu ya Rizzo ikiwa bado imemgusa. Akatolewa, duru ikaisha, na Washington wakashindwa kwa tofauti ile ile ya moja. Kwa maandishi ya sheria uamuzi wa New York ulikuwa sahihi kabisa. Lakini hakuna aliyedhulumiwa. Sheria ya kugusa kituo iliandikwa na watu waliokuwa na macho, kwa ajili ya watu wenye macho, na kabla ya marudio hakuna jicho ambalo lingeweza kumtoa mkimbiaji kwa mguu kunyanyuka unene wa karatasi. Marudio hayakuirudisha haki pale. Yalitunga sheria mpya bila kikao.

Tofauti kati ya Galarraga na Lobatón ndiyo mpaka ninaoutetea. Kwa Galarraga, kamera ilisema kile ambacho mwamuzi angekisema kama angeona vizuri. Kwa Lobatón, ilisema kile ambacho hakuna binadamu angeweza kukisema. Ya kwanza ni rufaa, ya pili ni darubini. Na darubini yenyewe haina uhakika unaodaiwa. Kamera ya kawaida ya televisheni hupiga picha 60 kwa sekunde. Mkimbiaji anayekwenda mita 8 kwa sekunde husogea sentimita 13 kati ya picha moja na inayofuata; mpira uliotupwa kwa kilomita 130 kwa saa husogea sentimita 60. Kati ya picha inayoonyesha mpira ukiwa hewani na ile inayouonyesha ndani ya glavu, kuna nafasi ya kutosha kuuficha ukweli wote wa mguu. Kamera za kasi kubwa huifinya nafasi hiyo, haziiondoi. Kwa hiyo ningependa kuona kikomo kilichowekwa: picha itazamwe kwa mwendo wake wa kawaida, au wa nusu mwendo, kwa nafasi chache, na kosa lisiloonekana hapo lihesabiwe kuwa halikuwepo. Watakaosema kwamba huko ni kuukimbia ukweli nawajibu kwamba sheria zote huweka kiwango cha ukweli zinaoushughulikia, na besiboli iliwahi kufanya hivyo kwa busara. Kwa miaka mingi mlinzi wa kituo cha pili aliyekuwa akijiepusha na mkimbiaji anayeteleza kwa nguvu alihesabiwa kukigusa kituo hata kama mguu wake ulipita jirani, ili asivunjwe mguu. Kamera zilipoanza kulitazama hilo kuanzia 2016, ligi ililazimika mwaka huo huo kuandika sheria mpya ya kuwazuia wakimbiaji kuwavamia walinzi. Ilijua kwamba kipimo kikibadilika, mchezo nao hubadilika.

Kuhusu muda, ambao ndio lalamiko la kila siku, sitakaa sana. Msimu wa 2014 marudio yalichukua, kwa wastani, chini ya dakika mbili. Mechi za besiboli zilikuwa ndefu kwa sababu nyingine, na ilionekana wazi mwaka 2023, pale ligi ilipomwekea mrushaji saa ya sekunde 15, au 20 kukiwa na mkimbiaji kituoni: wastani wa mechi ukashuka kwa kiasi cha dakika 24, marudio yakiwa yanaendelea vile vile.

Uwanja mgumu kuliko vyote ni wa straiki na boli. Mrushaji yuko mita 18.4 kutoka kwa mpigaji. Mpira wa kilomita 150 kwa saa hufika kwa karibu nusu sekunde, na mwamuzi aliyechutama nyuma ya mdakaji lazima aseme kama umepita juu ya kituo na kati ya magoti na kifua cha mpigaji, ambao ni straiki, au la, ambao ni boli, mara zaidi ya 100 kwa mechi. Hapa hatuna haja ya kubahatisha kuhusu udhaifu wa binadamu, kwa kuwa umepimwa. Utafiti wa wachumi uliochapishwa mwaka 2011, ukiwa umechambua mirusho ya misimu ya 2004 hadi 2008, uligundua kwamba waamuzi walielekea kidogo kuwaita straiki warushaji wa rangi yao, na kwamba mwelekeo huo ulipotea katika viwanja vilivyokuwa na mitambo ya kuwakagua. Mwingine wa 2016 uliwaweka waamuzi wa besiboli pamoja na majaji wa Marekani wanaosikiliza maombi ya hifadhi na maofisa wa mikopo wa India, ukakuta tabia moja kwa wote: aliyetoka kusema ndiyo huelekea kusema hapana kwa linalofuata, kana kwamba ndiyo mbili mfululizo haziwezi kuwa kweli. Mwamuzi aliyetoka kuita straiki huielekea boli, hata mpira ukipita pale pale. Makosa haya hayafanani na la Joyce. Hayaonekani moja moja, hayana mlalamikaji, na hayasawazishwi na msimu, kwa kuwa si ya bahati nasibu.

Korea Kusini iliyajibu kwa kumwondoa mwamuzi kabisa kwenye kazi hiyo: tangu 2024, katika ligi yake kuu, mitambo ndiyo inayoamua kila mrusho, na mwamuzi husikia jibu sikioni na kulitangaza. Marekani ilijaribu namna mbili katika ligi zake za chini, na wachezaji wakaielekea ile ya rufaa. Kuanzia msimu wa 2026 mwamuzi wa ligi kuu anaendelea kuita kila mrusho kwa macho yake, lakini kila timu ina nafasi mbili za kupinga, ambazo hazipungui ikiwa imepinga kwa haki. Anayeruhusiwa kupinga ni mpigaji, mrushaji au mdakaji tu, papo hapo, kwa kugusa kofia yake, pasipo msaada wa kocha wala wa runinga. Jibu hutoka kwenye eneo lililopimwa kwa kimo cha kila mpigaji, kutoka asilimia 27 ya urefu wake hadi asilimia 53.5. Nakiri kwamba njia ya Korea inatibu upendeleo mdogo mdogo usio na mlalamikaji, na ya Marekani inautibu nusu tu. Lakini mtambo ule wa sikioni una udhaifu wa darubini: mpira uliokata pembe ya eneo kwa upana wa uzi ni straiki hata kama hakuna mchezaji aliyehisi hivyo. Njia ya rufaa inamsubiri mtu aliyesimama pale aseme kwamba hili si sawa, na ikiwa watatu waliokuwa karibu zaidi hawakuona kosa, mchezo unaendelea. Upendeleo uliobaki unaweza kukaguliwa baada ya mechi, katika kumbukumbu za kila mwamuzi, kama ambavyo umekuwa ukikaguliwa kwa miaka mingi.

Limebaki swali la Galarraga. Kwa kuwa sasa mlango upo, je, uamuzi wa 2010 ufunguliwe? Kamishna Bud Selig alikataa kuugeuza wakati ule, na mwaka 2022 wanafunzi wa chuo kikuu kimoja huko New Jersey waliiandikia ligi wakiomba ifanye hivyo. Moyo wangu uko nao, lakini hoja yangu haiwezi kwenda nao. Rufaa ina muda wake: katika besiboli ya leo ni sekunde chache kocha aamue, na hilo si jambo dogo la utaratibu, maana kila mrusho unaofuata umejengwa juu ya uamuzi uliotangulia. Trevor Crowe, mpigaji wa 28, alisimama, akapiga, akatolewa. Kuufuta uamuzi wa Joyce ni kumwambia Crowe kwamba hakuwepo. Brett alirudishiwa homurani yake kwa sababu malalamiko yaliwekwa kwa utaratibu uliokuwepo na mchezo ukarudiwa kutoka pale pale ulipokatika. Galarraga hakuwa na utaratibu wa kuufuata, na hilo ndilo lililostahili kurekebishwa, likarekebishwa miaka minne baadaye, alipokuwa hachezi tena katika ligi kuu. Joyce aliendelea kuamua hadi mwisho wa msimu wa 2016, akifanya misimu yake mitatu ya mwisho katika viwanja ambavyo kocha angeweza kumpinga. Katika kumbukumbu za ligi, mchezo wa Juni 2, 2010 unasomeka hivi hadi leo: Detroit 3, Cleveland 0, mirusho 88, pigo moja, la Jason Donald, kituo cha kwanza.